Chai na Mwonjaji Wake

Kunywa ni jambo moja na kuonja ni jambo jingine. Anywaye hukata kiu akaenda zake. Aonjaye huuliza kitu alichotia kinywani kimetoka wapi, kimetengenezwa namna gani, na thamani yake ni ipi. Katika Kenya chai hunywewa karibu kila nyumba, asubuhi na jioni, arusini na matangani, lakini waionjao ni wachache. Insha hii ina nia ya kueleza jinsi chai na ladha zitiwazo ndani yake zilivyotufikia, jinsi kazi ya kuionja ilivyokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa watu wa mbali, na kwa nini yampasa kijana wa shule kujifunza kazi hiyo hata akiwa jikoni kwao.

Na tuichukue Soy kuwa mfano wetu. Soy ni mji mdogo katika uwanda wa Uasin Gishu, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale. Ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Si nchi ya mashamba ya chai. Mtu wa Soy atakaye kuona michai kwa macho yake hana budi kushika njia ya kusini, apite Eldoret, mpaka aifikie milima ya Nandi. Hata hivyo ni nadra mgeni kuingia nyumba ya Soy akatoka bila ya kupewa kikombe. Ndani ya kikombe hicho wenyeji na wageni wamekutana: majani yametoka Nandi au Kericho, tangawizi na iliki zimenunuliwa sokoni baada ya safari ndefu, na maziwa yamekamuliwa asubuhi ile ile nyuma ya nyumba. Kila kimoja kina historia yake, na historia hizo hazikuanza siku moja.

Kabla ya chai kujulikana katika uwanda huo, kinywaji cha heshima kilikuwa maziwa. Wakalenjin walikuwa na mursik, na wanayo hata leo, yaani maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu. Kibuyu hicho husuguliwa ndani kwa makaa ya miti iliyochaguliwa, mmojawapo ukiwa ule uitwao senetwet, na makaa hayo huyapa maziwa rangi ya kijivujivu na harufu yake maalumu. Mama mwenye ujuzi hujua mti gani unafaa, makaa yawe kiasi gani, na maziwa yakae siku ngapi. Mzee apewapo mursik katika nyumba mbili hakosi kusema ipi imeshinda, na akiulizwa sababu ataitoa. Basi ustadi wa kulinganisha ladha haukuletwa katika nchi hiyo na mgeni yeyote. Kilicholetwa ni jani.

Asili ya jani hilo ni China, ambako lilinywewa kwa karne nyingi kabla ya kufika kwetu. Jina lake latuonyesha njia lilizopita. Wachina wengi huliita cha, na mataifa yaliyolipata kwa njia ya nchi kavu, kama Waajemi, yakaliita chai. Lakini watu wa pwani ya Fujian waliliita te. Waholanzi wakanunua kwao kwa merikebu, wakalipeleka jina hilo Ulaya, na kwa hiyo Mwingereza husema tea. Waswahili walilipata jina lao kwa majirani wa Bahari ya Hindi. Kadhalika sukari na birika ni maneno yaliyokuja na majahazi, na mdalasini una jina lenye asili ya Kiajemi. Bali maji, majani na maziwa ni maneno ya Kibantu, ya hapa hapa. Hata lugha tunayoitumia jikoni yashuhudia kwamba kinywaji hiki ni cha watu wengi.

Pwani, viungo vilitangulia chai. Wenyeji wa miji ya pwani walizoea kahawa chungu iliyotiwa tangawizi, na katika karne ya 19, zama za Seyyid Said, mashamba ya karafuu yalienea Unguja na Pemba. Iliki, ambayo kwao ni milima ya kusini mwa India, ilikuja kupandwa pia katika milima ya Usambara, Tanzania. Chai ilipoingia ilikuta ulimi wa pwani umekwisha kufundishwa na viungo hivyo. Kuna hata jani moja lililopata jina lake kutokana na chai: ndilo mchaichai, majani marefu yenye harufu ya ndimu, ambayo watu hupanda kando ya nyumba ili wayachemshe pamoja na chai au mahali pa chai.

Kwa watu wa bara, chai ya viungo ilipitia njia nyingine. Waingereza walipoanza kulima chai huko Assam, India, katika miaka ya 1830, nia yao ilikuwa kuiuza kwao Uingereza. Ni katika karne ya 20 ndipo wafanya biashara wa chai walipojitahidi kuwafundisha Wahindi wenyewe kuinywa, wakiigawa na kuiuza viwandani na katika vituo vya gari la moshi. Wauza chai wa barabarani waliipokea kwa akili yao wenyewe: walizidisha maziwa na sukari, wakatia tangawizi na iliki, wakapunguza majani kwa kuwa majani yalikuwa na bei. Wenye kampuni hawakupendezwa, maana walitaka majani yatumiwe kwa wingi. Lakini ulimi wa mnywaji ulishinda amri ya mwuzaji. Hapa pana funzo la kwanza juu ya ladha: kiungo huweza kuipamba chai, na pia huweza kufunika uchache wa majani.

Kati ya miaka ya 1896 na 1901 Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Wengi walirudi kwao, wengine walibaki, na wafanya biashara wa Kihindi wakafungua maduka bara. Katika uwanda wa Uasin Gishu, Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Mahali palipokuja kuitwa Eldoret mwaka 1912 palikuwa pakijulikana kwa nambari ya shamba, yaani 64, na wenyeji wakaitamka Sisibo. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926. Penye reli palikuwa na maduka, na penye maduka palikuwa na sukari na majani ya chai. Maziwa ya uwanda yalikutana na majani na viungo. Na kinywaji kilichotokea hakikuwa cha Mwingereza, ambaye hutia maziwa kidogo kikombeni, wala hakikuwa cha Mhindi kabisa, bali kilikuwa kile tukijuacho leo, kichemshwacho chote pamoja katika sufuria moja.

Sasa na tuliangalie jani lenyewe, kwa maana katika habari yake kuna uchungu usiotokana na ladha. Mche wa kwanza wa chai katika Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903 na mlowezi aliyeitwa Caine. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kulima kwa biashara, hasa Kericho. Milima ya Nandi nayo ikapandwa chai. Lakini milima hiyo haikuwa ardhi isiyo na wenyewe. Wanandi walikuwa wamewapinga Waingereza kwa silaha tangu 1895 hadi 1905. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa kuwa wa mapatano. Baada ya hapo Wanandi wakafungiwa katika eneo walilotengewa, na sehemu kubwa ya ardhi yao ikachukuliwa.

Mashamba yalipostawi, Mwafrika aliruhusiwa kuichuma chai, kuibeba na kuipalilia, lakini hakuruhusiwa kuipanda kwa faida yake mwenyewe. Ilisemwa kwamba angeharibu sifa ya chai ya Kenya, kana kwamba mikono iliyokuwa ikichuma majani ya tajiri ingesahau kazi siku ya kuchuma majani yake yenyewe. Katazo hilo lilidumu mpaka miaka ya 1950.

Pamoja na katazo la kupanda palikuwa na jambo jingine lisiloandikwa katika sheria: mchumaji hakuwa mwonjaji. Bei ya chai haiamuliwi kwa mizani peke yake. Huamuliwa na mwonjaji, mtu mwenye kazi ya kupanga vikombe safu ndefu mezani, kila kimoja na chai ya shamba lake, akavipitia na kijiko kimoja baada ya kingine. Huvuta chai kwa nguvu pamoja na hewa, mpaka sauti isikike; huizungusha kinywani, akaitema, akataja neno moja au mawili. Kwa maneno hayo shamba moja hupata bei njema na jingine hupata hasara. Mnada mashuhuri kuliko yote ulikuwa wa London, ulioanza mwaka 1679 na kufungwa mwaka 1998. Mnada wa Nairobi ulianza mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na hapo chai ya nchi kadha za Afrika huuzwa. Lakini kwa miaka mingi jani la Nandi au Kericho lilivuka bahari kwenda kuonjwa ng'ambo, na aliyelichuma hakujua limesemwaje.

Mabadiliko yalikuja hatua kwa hatua. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikubali Waafrika walime mazao ya biashara, na mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, Nyeri, kilianza kusaga chai ya wakulima wadogo. Mwaka 1964, baada ya uhuru, iliundwa Mamlaka ya Kustawisha Chai ya Kenya, ambayo mwaka 2000 ilikuja kuwa kampuni iliyo mali ya wakulima. Kanuni yake kuu ilikuwa fupi: majani mawili na chipukizi. Jani lililokomaa na kuwa gumu lilikataliwa kituoni, hata kama mwenye kulileta alikuwa amelibeba mwendo mrefu. Kwa ukali huo wakulima wadogo walipata sifa ya chai njema. Leo wao ndio watoao zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza ulimwenguni kwa kuuza nje chai nyeusi. Maneno ya wale waliosema kwamba Mwafrika angeharibu sifa ya chai yamejibiwa na mizani na mnada.

Je, kazi imekwisha? Haijakwisha. Sehemu kubwa ya chai yetu hutoka bandarini ikiwa katika magunia, bila ya jina wala harufu ya kuongezwa. Huko ng'ambo huchanganywa na chai za nchi nyingine; pengine hutiwa mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu, au harufu ya maua, kisha hufungwa katika pakiti nzuri. Faida nyingi humwendea yule ajuaye kuchanganya, kunukiza na kutaja. Naye hujua kwa kuwa amejifunza kuonja. Ndiyo sababu nasema kwamba kuonja si anasa ya watu walioshiba. Ni elimu ya kujua thamani ya mali.

Elimu hiyo yaweza kuanza nyumbani bila ya gharama kubwa. Chukua vikombe vitano vilivyo sawa. Waonjaji hupima gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, wakaacha dakika 6. Nyumbani pima kijiko kidogo kilicho sawa kwa kila kikombe, na saa ya ukutani itatosha. Usitie sukari, kwa kuwa sukari hufanya chai zote zifanane. Kumbuka pia kwamba katika uwanda wa juu, penye mwinuko wa mita 2,000 hivi, maji huchemka yakiwa na joto la digrii 93 tu, ilhali Mombasa huchemka kwa digrii 100. Kwa hiyo jani la nyanda za juu hutoa rangi yake polepole kuliko pwani, na wenye haraka watalisingizia jani kosa la mlima.

Kikombe cha kwanza kiwe cha chai ya rangi, ile ambayo wengine huiita turungi. Hiki ndicho shahidi, na vingine vyote vitapimwa kwa hicho. Chai njema huacha ukakasi safi ulimini, nao hupita upesi. Chai iliyozeeka huwa kama maji yaliyopikiwa karatasi. Usidharau majani yaliyo kama vumbi. Chai nyingi ya Kenya husagwa kwa mashine za kukata, kuchana na kukunja, zilizobuniwa Assam katika miaka ya 1930, kisha huchekechwa kwa ukubwa wa chembe. Chembe ndogo hutoa rangi kali kwa muda mfupi, wala si uchafu uliofagiwa sakafuni.

Kikombe cha pili kitie mchaichai. Utahisi harufu ya ndimu bila ya ukali wa ndimu, na ladha ya jani itabaki ikisikika chini yake. Cha tatu kitie iliki iliyopondwa wakati huo huo, kwani iliyosagwa zamani hupoteza harufu yake. Hiyo hupanda puani kabla ya kufika kooni. Cha nne kitie tangawizi, nayo hungoja mpaka umemeza ndipo iwashe koo. Katika hicho cha nne jani husikika kwa shida, na hilo ni jambo la kuandikwa daftarini.

Kikombe cha tano kiwe cha maziwa ya nyumbani. Maziwa hushika ule ukakasi wa chai na kuulainisha, na kwa sababu hiyo chai nyepesi hupotea ndani yake, lakini chai kali ya Kenya husimama. Ukitaka kuunganisha maziwa na tangawizi, chemsha tangawizi kwanza katika maji. Ukiitia mbichi katika maziwa ya vuguvugu yatakatika, kwa kuwa ndani ya tangawizi mna kitu kinachogandisha maziwa, na moto mkali ndio ukivunjao nguvu. Mama zetu walilijua jambo hili kwa mazoea kabla ya wanafunzi kulisoma katika elimu ya kemia.

Kisha fanya jaribio moja zaidi. Tafuta majani yaliyokaa wazi miezi mingi kabatini, uyapike kwa tangawizi nyingi, maziwa na sukari, uwape wa nyumbani pamoja na chai mpya iliyopikwa vivyo hivyo. Wengi hawatatambua tofauti. Wape chai hizo hizo mbili zikiwa za rangi tupu, na hata mtoto atazitenganisha. Hapo ndipo lile funzo la wauza chai wa India lirudipo: kiungo ni pambo jema juu ya chai njema, na ni pazia juu ya chai mbaya. Anayekunywa chai ya viungo peke yake maisha yake yote huenda asijue ameuziwa nini.

Pengine mtu atauliza: mkulima au mchukuzi arudipo jioni na baridi ya Uasin Gishu, atakaye joto na utamu tu, ana haja gani na vikombe vitano? Swali hilo ni la haki. Simwambii mtu aache tangawizi yake, wala simshauri mama yeyote apike chai kwa kutazama saa. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, na kila nyumba ina haki ya upishi wake. Nisemalo ni kwamba, mara moja moja, kabla ya kuongeza sukari, yafaa tulijue jani lenyewe. Mzee wa Soy aliyeweza kuhukumu mursik ya nyumba mbili hakuwa amesoma chuoni. Alikuwa amezoea kuuliza ulimi wake na kuyaamini majibu yake. Ustadi ule ule ukihamishwa kutoka kibuyuni mpaka kikombeni watosha kutupatia waonjaji, wachanganyaji na wauzaji wetu wenyewe.

Vijana wa leo watarithi mashamba ambayo babu zao walikatazwa kuwa nayo, na viwanda ambavyo baba na mama zao walivilipia kwa majani mawili na chipukizi. Urithi huo una thamani kwa yule aujuaye. Basi msomaji, uwekewapo kikombe mezani, kinusie kwanza, onja, na uulize kimetoka wapi. Baada ya hapo kunywa kwa raha yako, na tangawizi ukipenda.